Waliniuliza kwa Luga Yangu

Jumatano. Mvua tangu asubuhi, ziwa halionekani kabisa kutoka dirishani. Niko na hasira, na leo sitaki mutu aniambie nitulie.

Siku zote humu naandika Kifaransa, juu ndio luga ya kazi yangu. Mimi ni dactylo katika institut moja hapa Bukavu. Kutwa nzima napiga mashini barua za wakubwa, na wakubwa wakikosea Kifaransa chao mimi ndiye ninayesahihisha, kimya-kimya, wapate kusaini. Lakini leo Kifaransa sikitaki. Jambo hili lilifanyika kwa Kiswahili, basi nitaliandika kwa Kiswahili.

Nimefungwa kizazi.

Haya, nimeliandika. Tangu mutoto wangu wa tatu miaka imepita na mimba haishiki, na leo ndio nimejua sababu. Si damu mubaya, si adhabu ya Mungu, si uchawi. Munganga alikata mirija yangu ya uzazi na kuifunga, siku ile ile aliponipasua kumutoa mutoto. Na anasema nilikubali.

Nianze mwanzo, la sivyo nitararua karatasi hii.

Asubuhi niliomba ruhusa kwa chef wangu wa biro nikaenda hospitali. Jina la hospitali sitaliandika, mukono unakataa. Nilikuwa nimesikia kwamba docteur aliyenipasua amerudi kutoka Kinshasa, alikokwenda kuongeza masomo. Nikajisemea, huyu aliniona mpaka ndani, yeye ataniambia kuna nini. Nilikaa kwenye benchi la baraza pamoja na mamans wengine, mvua ikitupiga miguu, na moyoni nilikuwa na furaha kidogo. Mpumbavu mimi.

Fiche yangu haikuonekana. Walisema paa lilivuja, makaratasi ya miaka ile yakaoza yote. Docteur hakuhangaika.

"Maman, ulipasuliwa mara ngapi?" akaniuliza.

Nikasema mara tatu. Akaweka bic chini.

"Basi si umefungwa. Ku operation ya tatu mimi nafunga, kila mara. Ukibeba mimba ingine kizazi kinapasuka, unakufa weye na mutoto. Haukujua?"

Nikamuambia sikujua. Nilimuambia taratibu, kama mutu anayezungumza na karani wa posta juu ya barua iliyochelewa. Akakunja uso.

"Lakini tulikuuliza. Mimi sifungi mutu bila kumuuliza."

Infirmière, muuguzi wake, alikuwa anapanga vyombo karibu na dirisha. Akageuka kuniangalia vizuri, kisha akacheka, si kwa ubaya. "Kumbe ni weye," akasema. "Si ni weye ulisema 'mufunge mbio'? Ile siku tulicheka sana."

Hapo ndipo nikakumbuka.

Nimelala chali. Kuna kitambaa cha kijani wameniwekea kifuani nisione kitu. Kuanzia kiunoni kwenda chini sisikii mwili, juu ya sindano ya mugongo. Mutoto ameisha kutoka, wako wanamupiga-piga alie, na analia, lakini sauti yake ni ndogo na inakatika. Baridi imenishika mpaka meno yanagongana. Mutu mumoja upande ule wa kitambaa anasema, "Maman, tufunge?"

Tumbo langu liko wazi kama kabati, na mutu anauliza kama afunge. Wewe ungejibu nini?

Nilijibu, "Mufunge mbio, nasikia baridi."

Wakacheka. Nikafikiri wanachekea baridi yangu.

Hayo ndiyo makubaliano yangu.

Niko nalizungusha lile neno kichwani tangu saa ile. Huku kwetu tunafunga mulango, tunafunga kidonda, tunafunga muzigo, mwizi anafungwa, na Kwarezima ikifika Wakatoliki wote tunafunga. Kila mangaribi bwana yangu ananiuliza kutoka koridoo, "Maman Furaha, umefunga?" na mimi namujibu "nimefunga" bila kuinua kichwa, juu mutaa huu wetu wa Nguba kuna wezi na anaogopea mulango wa nyuma. Lakini ndani ya hospitali, wao kwa wao, neno limebaki na maana moja tu. "Yule ni wa kufunga." "Leo tunafunga wawili." Wamelisema mpaka wamesahau kwamba sisi wengine tunatoka nje.

Na sasa nifike kwenye jambo linalonichoma kuliko yote.

Docteur huyu si mutu wa huku. Kiswahili alijifunzia kazini, na anajivunia. Mamans wanamupenda juu anazungumza nao. Siku ile ya kuzaa nilifika kwake na kikwembe kimefungwa kifuani, kitambaa kichwani kimepinda, uchungu umenikamata mpaka nalia kwa luga ya Mashi kama nyanya yangu. Aliona maman wa kijijini. Akanihurumia, akaacha Kifaransa chake, akaniuliza kwa Kiswahili. Kama angeniuliza kwa Kifaransa ningeelewa kabla hajamaliza kusema. Ligature des trompes, mirija kukatwa na kufungwa. Nayajua maneno hayo, niliyapiga mashini mwenyewe katika rapport ya institut juu ya kupanga uzazi, nakala tano, na kaboni ikanichafua vidole.

Basi leo nikamuambia kwa Kifaransa. Sikupaza sauti. Nilimuambia kwamba mutu aliyelala tumbo wazi, anayetetemeka, akisikia neno hilo anafikiri nyuzi na sindano. Akavua miwani.

"Kumbe unasema Kifaransa," akanijibu, bado kwa Kiswahili. "Citoyenne, tulikuuliza kwa luga yako. Wengine hawaulizi kabisa."

Kwa luga yangu.

Nimejua pia kwamba kwa kawaida wanamuuliza bwana, si bibi. Bibi hana neno. Lakini siku ile bwana yangu alikuwa Luvungi kwa kazi ya muchele ya biro yao, mvua imeharibu barabara ya tambarare, na hakuna aliyejua atafika lini. Basi siku hiyo moja wakaniheshimu, wakaniuliza mimi mwenyewe. Wangengoja tu Papa Furaha afike na viatu vyake vya matope, pengine leo ningekuwa na mutoto mugongoni. Naandika hivi nacheka, lakini si kicheko cha kumufurahisha mutu.

Nilimuuliza kama inaweza kufunguliwa. Akasema huku hapana, labda Ulaya, na hata kule si hakika.

Nikamuambia basi nakuomba kitu kimoja, docteur. Kesho ukimupasua mwingine, usimuambie "tufunge". Muambie, maman, hautazaa tena. Maneno matatu tu, hata mutu wa sokoni atayaelewa.

Nadhani hakutaka kusema, kisha akasema.

"Tukiwaambia vile, wote watakataa. Kisha wanarudia hapa na mimba ya ine, na mimi ndiye nawaona wanakufa ku meza yangu."

Niliingia mule nikifikiri kuna kosa. Kumbe neno linawafaa.

Tena si mutu mubaya. Ningependa awe mubaya, ningemuchukia vizuri na kulala. Macho yake ni ya mutu ambaye amechoka kuona wanawake wakifa. Inawezekana aliokoa maisha yangu, na Furaha na Riziki, mabinti zangu wawili, wako na mama juu yake. Hilo nalo naliandika, nisiwe muongo.

Pengine ningekubali. Kama angengoja kesho yake, anikute kitandani na mutoto kwenye titi, aniambie pole-pole, maman, hawa watatu wanatosha, mwili wako umechoka. Pengine ningelia kidogo na kusema sawa. Lakini mutoto yule, mwanaume, hakumaliza wiki. Walinifunga wakati yeye bado analia ile sauti yake ya kukatika, hata hawakungoja kujua kama atabaki. Na kama wangeniuliza nyuma ya kumuzika ningewafukuza chumbani, na pengine ningebeba ingine, na pengine ningekufa. Sijui. Nilikuwa na haki ya kuulizwa na kutojua.

Sasa nije kwa Tantine Nabintu, juu ndiye aliyenitoa machozi leo, si mirija.

Tantine ni shangazi ya bwana yangu. Ni mujane, hakupata mutoto, anaishi Bunyakiri na shamba lake la mihogo. Niliporudi nyumbani bila mutoto, yeye ndiye alikuja. Wengine walikuja kulia na kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, yeye alikuja kufanya kazi. Alinipikia uji, aliwaogesha wasichana, na kidonda kilipokauka akanifunga tumbo kama tunavyowafanyia wanawake wote waliozaa huku kwetu. Kila asubuhi alikuja na kikwembe chake cha rangi ya majani, akakikunja, akakizungusha kiunoni kwangu, akavuta kwa nguvu mpaka natoa pumzi, akafunga fundo kwa ubavu. Alikuwa anasali chini-chini akivuta. Salamu Maria moja kwa kila muzunguko.

Maman mukwe alisimama mulangoni akasikia ule mnong'ono.

Mimba ilipochelewa, maman mukwe hakuhitaji munganga wa kumuelezea. "Ule mwanamuke ndiye alikufunga," akasema. "Yeye hana mutoto, anataka na weye ukose. Nilimusikia na masikio yangu anasema maneno ku kile kikwembe."

Nilibisha. Niliwaambia mbele ya wote kwamba kikwembe hakizuii mimba. Wakaniambia Kifaransa kimenipoteza. Kukafanyika mukutano wa familia, wazee wakakaa, na Tantine akaambiwa asikanyage tena kwa mutu yeyote wa ukoo. Kaka ya maman mukwe alipokufa, Tantine alishuka kutoka Bunyakiri na kapo ya mihogo kichwani kuja kwenye matanga. Walimugeuzia barabarani, hata kapo hawakumuacha aitue. Nilikuwa jikoni, nilisikia tu sauti yake ikisema, "Banangu, nilikosa nini?" Nilipotoka ameisha kwenda.

Na wakati huo wote mimi nakunywa dawa ya miti ya maman mukwe, chungu mpaka unatapika. Nikafunga Kwarezima nzima, mukate na maji, nikimuomba Bikira anifungue. Nilifunga ili nifunguliwe. Na nilikuwa nimefungwa kwa uzi wa hospitali.

Haya, maman mukwe alisema kweli. Kuna mutu alinifunga. Alikosea mutu tu.

Mbele ya kutoka nilimuomba docteur jambo la mwisho. Nikamuelezea Tantine, kwa kifupi, nikamuomba aje nyumbani au anipokee na bwana yangu na maman mukwe, awaambie kwa mudomo wake. Wakisikia kwa munganga wataamini. Akavaa miwani yake tena.

"Hayo ni mambo ya familia, citoyenne. Sisi hayatuhusu."

Infirmière alikuwa ameacha kucheka. Alinifungulia mulango akanishika mukono kidogo, na mimi nikautoa.

Nilipanda mpaka Nguba kwa miguu na mvua yake. Sikurudi kazini. Chef atauliza, aulize.

Bwana yangu alirudi saa kumi na moja, koti lake la abacost limelowa mabegani. Nilimuacha avue viatu, nikampa chai, kisha nikamuambia yote, kutoka fiche mpaka mulango. Hakunikatiza. Papa Furaha ni mutu mupole, hajawahi kunisema vibaya juu ya mimba, hata mama yake alipokuwa anamusukuma. Nilifikiri atasimama. Nilifikiri atasema twende pamoja hospitali tukawaulize.

"Na weye ulijibu nini?" akaniuliza.

"Nilijibu, mufunge mbio."

Alizungusha kikombe mezani. "Basi ulikubali," akasema.

Sikuamini kwamba nitasikia neno hilo mara mbili siku moja, moja kwa munganga na moja kwenye meza yangu.

Nadhani aliona uso wangu, juu alianza kusema pole-pole, kama anavyosema na wakulima. Akasema tusimuambie maman. Leo maman anafikiri kuna fundo ambalo linaweza kufunguka, ndiyo maana anangoja. Akijua hakuna tena, hatangoja hata mwezi, atamuletea bibi mwingine, na yeye, bwana yangu, atamukatalia mama yake mpaka lini? "Acha ibaki vile iko," akasema. "Kwa ajili yako. Tantine iko mbali. Ameisha kuzoea."

Ameisha kuzoea.

Nimemuuliza, kuzoea nini? Kuitwa mulozi, mutu wa uchawi? Kupita sokoni Bunyakiri na mamans wanavuta watoto wao nyuma ya vikwembe? Akasema chai imepoa.

Najua hesabu yake, na si ya mutu mwenye chuki. Anataka kunilinda. Docteur naye alitaka kunilinda. Kila mutu katika nchi hii ya Zaïre ananilinda, na hakuna anayeniambia kitu. Na huu ulinzi wangu mutu mwingine ndiye anaulipia, mwanamuke muzee ambaye kosa lake lote ni kuvuta kikwembe akisema Salamu Maria.

Naogopa. Niandike na hilo. Namupenda bwana yangu, sitaki kugawana nyumba hii na bibi mwingine, sitaki Furaha na Riziki wajifunze kumuita mwanamuke mwingine maman mudogo. Nikikaa kimya kila kitu changu kinabaki mahali pake. Ni rahisi sana. Nani atajua?

Mimi nitajua. Na nikivuta kikwembe kiunoni kila asubuhi nitaisikia ile mikono.

Nimepanga hivi. Kesho asubuhi sana nitakwenda kwenye kamion zinazopakia kwenda Hombo, nitashuka Bunyakiri. Nitamuambia Tantine kwanza, yeye kabla ya wengine, juu ni jina lake lililoharibiwa. Kisha nitamuomba avae kikwembe chake cha rangi ya majani turudi wote wawili, na Jumapili nyuma ya misa, maman mukwe akija kula kama kawaida yake, atamukuta ameketi kwenye kiti cha sebuleni. Na nitasema. Nimejaribu maneno yenyewe hapa, kwa sauti ndogo, na neno kufunga nimeliondoa kabisa. Munganga alinikata njia ya uzazi. Sitazaa tena. Tantine hakunifanyia kitu ila mema. Hakuna hapo la kusikia vibaya.

Kisha maman mukwe alete bibi mwingine kama anataka. Nitajua aliletwa kwa ukweli.

Na Tantine? Pengine hatanifungulia. Pengine ataniangalia tu na kuniuliza nilikuwa wapi miaka hii yote, na mimi nitasema jikoni.

Mvua imepungua. Wasichana wanagombana juu ya sahani ya samaki wadogo wa sambaza, bwana yangu ameinuka, nasikia viatu vyake kwenye koridoo. Amesimama pale anaposimama kila mangaribi.

"Maman Furaha, umefunga?"

Mukono umesimama juu ya karatasi. Nimemujibu, "Unauliza nini? Sema vizuri."

Viatu vimerudi nyuma hatua moja. Naona ameelewa. "Mulango," amesema. "Nauliza mulango."

"Mulango ndiyo, nimefunga," nimemuambia. "Mudomo hapana. Kesho naenda Bunyakiri."